Zipe Limfosaiti Muda

Mtu akichomwa na mwiba unyayoni leo, kesho kutwa anaweza kuamka na mtoki kinenani. Kidonda kiko chini, uvimbe uko juu, na paja lililo katikati halina neno. Mbalibali, kama kwingineko Serengeti na Tarime ambako watoto huchunga pekupeku, mtoki ni jambo la kawaida, na kila nyumba ina tiba yake: huyu anaukanda kwa maji ya moto, yule anaukamua, mwingine anatafuta wembe. Ushauri wangu ni kuuacha mtoki na kuhangaika na mguu. Toa kipande cha mwiba kilichobaki, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, na uvimbe utashuka wenyewe kadiri kidonda kinavyopona. Ukipita wiki tatu au nne haujashuka, ukawa mgumu bila kuuma, au ukaja pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, usikae nao nyumbani. Kifua kikuu na saratani ya tezi huweza kuanza hivyohivyo.

Mtoki wa namna hii kwa kawaida haujajaa usaha uliopanda kutoka mguuni. Umejaa seli nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti, na tezi imevimba kwa sababu zinazaliana humo. Seli nyingine nyeupe, zile zinazokaa ngozini, zimemeza vijidudu vilivyoingia na mwiba, zikavikatakata, zikasafiri na vipande hivyo ndani ya mirija myembamba ya limfu hadi kwenye tezi, na huko zikavionyesha kwa kila limfosaiti inayopita. Mwilini mwa mtu mzima limfosaiti ni kama trilioni moja, lakini kila moja inajua alama moja tu, kama mchungaji aliyekabidhiwa ng'ombe mmoja katika mnada mzima: wengine wote watapita mbele yake asiwatazame. Kijidudu kikiwa kigeni, zinazokijua huenda zikawa moja katika laki moja, au pungufu ya hapo. Ikishakutana na alama yake, hiyo moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, nne nane, mara mbili hadi nne kwa siku, mpaka tezi inatuna na kuuma ukiigusa.

Watu wa afya wakieleza kinga hupenda kusema askari wa mwili. Sina ugomvi nao, ila maneno hayo humpa mtu picha ya kikosi kilichokaa getini usiku na mchana, na ndiyo maana tunashangaa kijana mwenye nguvu, anayekula akashiba na kunywa maziwa kila siku, akiangushwa na ugonjwa kwa wiki moja. Ngozi na seli za mwanzo zipo hapo getini, ni kweli, lakini limfosaiti hazipo. Kwa ugonjwa ambao mwili haujawahi kuuona, zinahitaji kati ya wiki moja na mbili ndipo ziwe za kutosha kuleta tofauti. Sehemu kubwa ya ushauri unaopewa kliniki au na afisa mifugo, hata ule unaoonekana kama usumbufu wa tarehe na kadi, ni njia ya kuzipatia muda huo.

Limfosaiti zipo za aina mbili kubwa. Seli B hutoa kingamwili, yaani protini zinazoelea katika damu na kukishika kijidudu kabla hakijaingia ndani ya seli zetu. Seli T hushughulika na kile ambacho tayari kimeingia: baadhi yake huua seli iliyoambukizwa, na nyingine, zile za kusaidia, huziruhusu na kuzihimiza B na wenzao kufanya kazi. Bila msaada huo wa T, seli B nyingi hukaa tu. Elimu hii si ya zamani sana. Mpaka katikati ya karne iliyopita wataalamu wengi waliziona limfosaiti kama seli zisizo na kazi ya maana, hadi James Gowans wa Oxford, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alipoonyesha kwa panya kwamba zinazunguka kutoka kwenye damu kwenda kwenye limfu na kurudi, na kwamba panya aliyeondolewa limfosaiti hupoteza uwezo wa kujibu vitu vigeni vipya. Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, aligundua kazi ya thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua ambako seli T hukomaa. Seli B zilitupatia siri yao kupitia kuku, nitakuja kwa kuku.

Zikimaliza kazi, nyingi hufa na mtoki unanywea. Chache hubaki miaka mingi zikiwa na kumbukumbu ya ugonjwa ule. Mwaka 1846 surua iliingia katika visiwa vya Faroe, huko Atlantiki ya kaskazini, na daktari kijana Peter Panum akaona kwamba wazee waliougua surua ya mwaka 1781 hawakuugua tena, miaka 65 baadaye, ingawa katikati hapo ugonjwa haukuwepo visiwani. Chanjo inatafuta kumbukumbu kama hiyo bila kuumwa. Mtoto wetu anachomwa chanjo ya pentavalenti akiwa na wiki 6, 10 na 14 kwa sababu dozi ya kwanza huamsha limfosaiti chache, na dozi zinazofuata huzikuta zimeshaongezeka na kuzichuja zibaki zile zinazoshika vizuri zaidi. Mama anayeruka dozi ya tatu kwa kuwa mtoto "ameshachomwa mbili" anaacha kazi hiyo njiani. Kama umechelewa, nenda hata kama umechelewa. Mtoto hurudishwa kwenye ratiba pale alipoishia, haanzi upya.

Sasa tuje kwenye mbwa, maana huko ndiko muda unakohesabiwa kwa uchungu.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mbalibali mnyama huyo kwa kawaida ni mbwa, lakini karibu na hifadhi anaweza kuwa mbweha, fisi au nyegere, na ng'ombe au punda aliyeng'atwa naye hushikwa. Mbwa akikung'ata, virusi huachwa kwenye nyama, vikakaa hapo kwa muda, kisha vikaingia kwenye neva na kuanza kupanda kuelekea ubongoni. Ndani ya neva limfosaiti haziwezi kuviona vizuri. Ndiyo maana watu wengi waliokwisha kuambukizwa hawana kingamwili yoyote ya maana mpaka dalili zimeanza, na dalili zikianza (kuogopa maji, kuweweseka, kupooza) karibu hakuna anayepona. Kijana mwenye kinga bora kuliko wote kijijini hufa sawasawa na mzee dhaifu, kwa sababu limfosaiti zake hazikupelekewa habari.

Habari njema iko katika mwendo wa virusi hivyo. Mara nyingi miezi miwili au mitatu hupita kati ya kung'atwa na dalili, ingawa huweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Limfosaiti zinataka siku saba hadi kumi na nne. Kwa hiyo chanjo inayotolewa baada ya kung'atwa inaweza kufika kabla ya ugonjwa, jambo ambalo kwa maradhi mengi haliwezekani. Louis Pasteur aliitumia nafasi hiyo tarehe 6 Julai 1885 huko Paris, alipoagiza mtoto Joseph Meister wa miaka 9, aliyekuwa ameng'atwa vibaya, aanze kuchomwa sindano mfululizo. Mtoto alipona. Wakati huo hakuna aliyejua limfosaiti zina kazi gani.

Umbali nao ni muda. Mtoto aliyeng'atwa shavuni au mkononi, kwenye neva nyingi na karibu na ubongo, hana siku alizonazo mtu mzima aliyeng'atwa ugokoni. Watoto ndio hung'atwa juu zaidi, kwa sababu ya kimo na kwa sababu huinama kumchezea mbwa. Kwao usiseme tungoje tuone.

Kitu cha kwanza kufanya hakihitaji nauli. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima. Sabuni ya mche ya kufulia inatosha. Huvunja ganda la mafuta linalofunika virusi, na kila kirusi kilichokufa hapo ni kimoja ambacho limfosaiti hazitahitaji kukikimbiza. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Ukiwa na ndoo, mtu mmoja amwage kwa kikombe na mwingine asugue polepole mpaka ndani ya tundu la jino, mbadilishane mkichoka, na mama asione huruma ya kilio cha mtoto akaachia dakika ya tatu. Baada ya hapo paka dawa ya kuua vijidudu kama iodini au spiriti ukiwa nayo. Majivu, pilipili, mafuta ya taa, kinyesi cha ng'ombe na jiwe la nyoka viache. Vinaziba au kuchubua jeraha na kula muda wako. Jeraha la mbwa pia halishonwi kwa haraka kama la panga, na likilazimu kushonwa, mganga atajua kuchelewesha au kuweka nyuzi chache.

Kisha nenda. Kabla ya kupanda bodaboda, mmoja apige simu kwenye kituo cha afya na hospitali za Mugumu kuuliza chanjo ya kichaa ipo wapi leo. Sio kila kituo huwa nayo, na familia iliyokwenda ikakuta friji tupu mara nyingi hurudi nyumbani na kukata tamaa. Kama Mugumu hakuna, ulizeni Tarime au Musoma. Msiache kwa sababu siku mbili zimepita. Hata baada ya wiki chanjo huanzwa, mradi dalili hazijaanza. Ulizeni pia sindano ya pepopunda.

Ukifika, utaelezwa ratiba. Shirika la Afya Duniani limekubali zaidi ya moja tangu mwaka 2018: ipo ya sindano za begani siku ya kwanza, ya 3, ya 7 na nyingine kati ya siku ya 14 na 28, na ipo ya sindano ndogo za ndani ya ngozi, mbili kwa mara moja, siku ya kwanza, ya 3 na ya 7, ambayo hutumia dawa kidogo zaidi. Fuata ile uliyoanziwa, na hesabu siku kuanzia sindano ya kwanza, yaani siku ya 3 ni siku tatu baada yake. Tarehe hizo zimebanwa makusudi, tofauti na za mtoto mchanga, kwa kuwa hapa limfosaiti zinashindana na virusi vilivyo njiani. Anayeacha baada ya ya pili kwa sababu jeraha limekauka amechanganya vitu viwili: ngozi imepona, kingamwili bado.

Kwa jeraha lililotoboa ngozi, au mate yaliyoingia mdomoni na machoni, kuna dawa ya pili ambayo wengi hawaijui: kingamwili zilizokwisha kutengenezwa kwa mtu au farasi aliyechanjwa, zinazochomwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Hizi hazingoji limfosaiti zako. Hukaa mlangoni zikishika virusi siku zile za mwanzo ambazo mwili wako bado haujatoa chochote. Hupewa siku ya kwanza, na zikikosekana siku hiyo zinaweza kupewa mpaka siku ya 7 tangu sindano ya kwanza ya chanjo. Ikipita hapo haziwekwi, kwa kuwa limfosaiti zako zimeanza kutoa zako, na za kukopa zingeweza kuzikwamisha. Ni dawa adimu na ya bei. Uliza, na ukiambiwa haipo, endelea na chanjo na usione kana kwamba kila kitu kimeharibika. Kuosha vizuri pamoja na chanjo kwa wakati huokoa wengi.

Mbwa je? Kama anafahamika na mwenyewe yupo, afungwe na atazamwe siku 10. Mbwa anayetoa virusi kwenye mate atakuwa ameumwa au kufa ndani ya siku hizo. Akiwa mzima siku ya kumi, mganga anaweza kukusimamishia sindano. Kumpiga mbwa mpaka kufa papo hapo, kama tunavyopenda, kunafuta habari hiyo, labda kichwa kifikishwe maabara kupitia kwa afisa mifugo. Lakini usingoje hizo siku kumi kuanza chanjo yako.

Makadirio yaliyofanywa na Sarah Cleaveland na wenzake mwaka 2002, kwa kuhesabu watu walioumwa na mbwa na nafasi yao ya kufa, yaliweka vifo vya kichaa Tanzania karibu 1,500 kwa mwaka, wakati takwimu rasmi za hospitali zilikuwa zikionyesha kama 11. Tofauti hiyo ni watu waliokufa nyumbani, wengine wakisemwa wamerogwa. Na njia ya bei nafuu ya kuipunguza ilipatikana hapahapa wilayani. Kati ya Oktoba 1996 na Februari 2001 vijiji vya Serengeti vilifanyiwa kampeni za kuchanja mbwa, na kati ya asilimia 60 na 70 ya mbwa wakafikiwa. Baada ya kampeni ya kwanza kichaa kwa mbwa kilipungua kwa asilimia 70, baada ya ya pili kwa 97, huku Musoma, ambako kampeni haikufanyika, hali ikibaki ileile. Watu waliokwenda hospitali kwa kung'atwa wakapungua nao.

Sababu ni kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, humwambukiza mbwa mmoja na kidogo tu. Utafiti wa Serengeti na Ngorongoro ulipata kama 1.2. Punguza kidogo tu na mnyororo unakatika. Ila mbwa wa vijijini hawaishi sana, na kila msimu huzaliwa wengine ambao limfosaiti zao hazijaona chochote, kwa hiyo kampeni ya mwaka juzi haimlindi mtoto wa mbwa wa mwaka huu. Siku ya kuchanja utaona watoto wa shule wakivuta mbwa kwa kamba ya katani, mbwa mmoja akiwa na kamba shingoni imekazwa mpaka anakohoa, wawili wakitaka kupigana, na kijana aliyeacha watoto wa mbwa nyumbani akidhani bado wadogo. Waleteni hata hao. Shirika la Afya Duniani linataka mbwa wote wachanjwe, wa umri wowote, na hakuna sindano inayopotea kwa mtoto wa mbwa kama ile ambayo hakupewa. Kwa anayedhani chanjo imeharibika kwa kubebwa kwenye begi la pikipiki: utafiti wa mwaka 2016 uliofanyika Tanzania ulionyesha chanjo ya mbwa inayotumika sana huku kwetu ikibaki na nguvu baada ya miezi sita kwenye nyuzi joto 25, au mitatu kwenye 30. Ya binadamu usiifanyie hivyo.

Hadi hapa nimezungumzia limfosaiti zinazokosa muda. Kuna virusi vinavyofanya kibaya zaidi, vinaziingia limfosaiti zenyewe, na Serengeti imeviona vitatu vya ukoo mmoja. Mwaka 1994 simba wapatao elfu moja, karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, walikufa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa. Uchunguzi wa baadaye wa Linda Munson na wenzake ulionyesha kwamba distempa iliwahi kupita kwa simba miaka mingine bila kuua. Ile ya mwaka 1994 ilifuata ukame mkali wa 1993. Nyati walikuwa wamedhoofika na kujaa kupe, simba wakawala, na vimelea vya babesia vinavyoenezwa na kupe, ambavyo simba huishi navyo kwa kawaida, vikapata mwili ambao limfosaiti zake zimemalizwa na distempa. Ndugu wa pili ni sotoka, iliyoua ng'ombe wa babu zetu na nyumbu wa porini, mpaka chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright huko Muguga, Kenya, ikaisukuma nje; ilitangazwa kwisha duniani mwaka 2011. Nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walipita milioni moja katika miaka ya 1970. Sehemu kubwa ya msafara unaowaleta watalii ni matunda ya ng'ombe waliochanjwa.

Wa tatu ni surua, na huyu yuko ndani ya nyumba zetu. Huingia kwenye limfosaiti kwa mlango uleule wanaotumia nduguze, na kwanza huchagua zile zenye kumbukumbu. Watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa walipimwa kabla na baada ya kuugua, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anapona surua, vipele vinakauka, halafu miezi iliyofuata anapata nimonia na kuhara ambavyo kinga yake ilikuwa imeshavizoea. Bibi anayesema "surua kila mtoto lazima aipitie" anasema kweli juu ya zamani zake, lakini gharama huja baadaye na haiandikwi kwa jina la surua. Chanjo yake Tanzania hutolewa miezi 9 na 18. Hungojewa miezi 9 kwa kuwa kabla ya hapo kingamwili alizopewa na mama tumboni huizima chanjo kabla limfosaiti za mtoto hazijaiona. Ya miezi 18 ndiyo husahaulika sana, mtoto akiwa ameshaanza kukimbia na mama ana mimba nyingine. Mtoto akiugua surua, mpeleke apewe vitamini A, siku mbili mfululizo, na mlinde na wenye vikohozi miezi inayofuata.

Kuku sasa, kama nilivyoahidi. Mwaka 1965 Max Cooper na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba kifaranga aliyetoka kutotolewa, akipigwa mionzi na kuondolewa kifuko kidogo kilicho juu ya tundu lake la nyuma, hawezi kutoa kingamwili. Seli B zimepewa herufi yao kwa jina la kifuko hicho, bursa. Ugonjwa wa Gumboro unakula kifuko hichohicho. Kifaranga wa wiki tatu hadi sita anayepona Gumboro anaweza kukua vizuri machoni, ila ukimtia chanjo ya kideri, huenda isishike. Mfugaji hulaumu chanjo, hulaumu duka. Kwa hiyo usichanje vifaranga vilivyolala mbawa zimeshuka ukidhani unavisaidia. Chanja wazima, Gumboro kwa wakati wake kwa kuku wa kisasa, na kideri kwa matone ya jicho kila baada ya miezi mitatu kwa wa kienyeji. Chanjo ya kideri inayostahimili joto hutengenezwa hapa nchini, Kibaha, na tone moja jichoni linamtosha kuku mmoja.

Kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, CD4 mnayosomewa ni hesabu ya seli T za kusaidia. Virusi hivyo huzishambulia hizo, na dawa mnazomeza kila siku huziacha ziongezeke tena. Ukiwa na CD4 za chini na ukang'atwa na mbwa, mwambie muuguzi bila aibu, maana mwili wako huenda usijibu chanjo kama wa mwingine. Utahitaji ratiba yote bila kupunguzwa, na zile kingamwili za jeraha zinakuhusu zaidi.

Na karatasi ya kipimo cha damu ikitoka na herufi LYM zenye mshale wa juu, usianze kuaga watu. Maambukizi mengi ya virusi huzipandisha, na watoto wadogo kwa kawaida wanazo nyingi kuliko watu wazima. Rudi na karatasi kwa aliyeagiza kipimo. Mshale mmoja ukiwa peke yake hausomwi dukani, na hautibiwi kwa unga wa kuongeza kinga unaouzwa stendi. Sijui ni alama ya ugonjwa gani unga huo unaifundisha limfosaiti. Chakula cha kutosha, usingizi na dawa zako za kila siku vinasaidia, lakini havifundishi.

Ukimaliza sindano za kichaa, omba tarehe zote ziandikwe na mhuri uwepo, na uiweke karatasi hiyo pamoja na kadi za kliniki za watoto, nje ya paa linalovuja. Aliyekwisha kuchanjwa kikamilifu, aking'atwa tena miaka ijayo, limfosaiti zake huamka ndani ya siku chache; muuguzi atakayeiona karatasi atamchoma sindano siku ya kwanza na ya 3 tu, bila kingamwili za jeraha. Asipoiona, ataanza naye mwanzo.